Hosiana Asilale Pale Korongoni

Arusha,
mwezi wa nane.

Kwa Mama yangu, mama wa Amsi,

Shikamoo Mama. Na shikamoo ya pili ni ya mjukuu wako, Amsi mdogo, ambaye bado hajaweza kuitamka. Anasema "kamoo" halafu anainamisha kichwa aguswe, na asipoguswa habanduki. Magoti yanaendeleaje na baridi hii ya huko? Kikohozi kimekuacha? Na yule ng'ombe mwekundu, maziwa yanatosha uji wa Hosiana, au ndama anamaliza yote? Sisi huku tupo. Mtoto alikuwa na kifua, wiki mbili hatukulala, sasa anakula. Mimi mwenyewe nimechoka tu, uchovu wa mtu anayeamka kabla ya wenye nyumba na kulala baada yao. Si ugonjwa. Usianze kuitangazia jumuiya nzima waniombee.

Utashangaa kupata barua siku hizi ambapo hata wachunga mbuzi wana simu. Lakini simu yako inakaa mfukoni kwa Shemeji Daudi, na kila nikipiga anajibu, "Mama yuko shambani, niambie mimi, nitamfikishia." Haya ninayotaka kukuambia siwezi kumpa mtu anifikishie. Halafu hata tukipatana, mimi na wewe tunaulizana habari za kuku na habari za mahindi mpaka salio linakata, na kila mmoja anabaki na lake moyoni. Kwa hiyo barua hii nimempa Mama Zaituni, yule wa mitumba wa mnadani Katesh, anayekuja huku kuchukua mzigo. Ameniahidi ataiweka mkononi mwako na si kwa mwingine. Isome mwenyewe, polepole, na miwani yako. Tafadhali usimpe Hosiana akusomee.

Kwanza, ile sukari na kile kitenge cha njano alivyokupa jirani yako wa Nangwa, niliviacha mimi. Nasikia uliambiwa ni zawadi ya wageni. Ni mimi, Mama. Nilifika mwezi wa saba, ulipokuwa Balangdalalu kwa wifi mkipura alizeti, na Hosiana ulikuwa naye kwa sababu shule zimefungwa. Nilisimama mlangoni kwako na mtoto mgongoni, nikakuta kufuli. Nikachungulia dirishani. Viatu vya shule vya Hosiana vilikuwa chini ya benchi, nikaona umevikata mbele ili vidole vipate nafasi. Amekua kiasi hicho. Nikaita jina lake hata kama nilijua hayupo. Gari lilikuwa barabarani linanipigia honi, na sikuwa na uso wa kuwaambia walionileta kwamba nageuza njia nimfuate mtoto wangu Balangdalalu.

Kwa nini nilifika bila kukuambia, na nani alinileta, ndiyo habari yenyewe. Vumilia nikueleze tangu mwanzo.

Unamjua bosi wangu kwa jina, Mama Lilian. Biashara yake ni kutembeza wageni. Miaka yote alikuwa anawapeleka mbugani kama wenzake, lakini mwaka huu akasema mbugani wamejaa, anataka kitu chake peke yake. Anatafuta mji mdogo wa mlimani, mahali ambapo mtu atakuja na familia yake, walale kwenye mahema, watembee, wakae nje, na mwezi wowote watakaofika wasikose cha kufanya. "Likizo ya nje, mwaka mzima," ndivyo anavyosema. Akakumbuka natoka Katesh. Basi nikawa mwalimu. Mimi nakata kabichi, yeye amekaa kwenye kiti cha jikoni na peni.

"Mwezi wa kwanza kwenu kuna nini?"

"Palizi."

"Sasa mgeni atapalilia?"

"Akitaka. Jembe hatumnyimi mtu."

Akacheka sana, akaandika. Kweli aliandika, palizi. Nikamwambia mwezi wa pili mlima umekuwa kijani mpaka juu, na asubuhi wingu linaukalia begani kama shuka la mzee. Mwezi wa tano alizeti zimefunguka, shamba lote linatazama upande mmoja kama watu kanisani. Wa sita na wa saba ni upepo na baridi, lakini anga imefunguka na njia ya mlimani ni kavu, mtu anapanda na kushuka siku hiyohiyo kama miguu yake ni ya kweli. Wa nane na wa tisa ziwa Balangida limejivuta, chumvi imebaki pembeni inang'aa, na ndege wale wa miguu mirefu wamesimama majini wekundu wekundu. Na mnada, ng'ombe na nyama choma na mitumba, hata asiyenunua anashiba kwa kutazama.

Nilisema mengi, Mama. Sikufichi, nilifurahi kusema. Tangu nije huku hakuna aliyewahi kuniuliza kwetu kukoje. Wanaouliza wanauliza habari za lile tope lililotushukia, na huku wakiuliza wananitazama machoni waone kama nitalia.

Tukafika mwezi wa kumi na mbili. Nikamwambia, "Huo uache."

"Siwezi kuuacha, Yasinta. Desemba ndiyo watu wana likizo na watoto wao. Nikitoa Desemba sina mwaka."

"Basi andika mvua."

"Mvua nayo wapo wanaoipenda," akasema, akaandika.

Nikaendelea na kabichi. Siku ya pili karatasi ikawa ukutani jikoni, miezi yote kumi na miwili imepakwa rangi na binti yake, na Desemba imepakwa bluu yenye matone. Kila nikigeuka na sufuria naiona.

Mwezi wa saba akasema twende tukaone, na mimi niende nikapike. Alikuwa ameshapata mtu wa kule aliyempigia simu, wa kumwonyesha kiwanja. Hakutaja ni nani na mimi sikuuliza, nikafikiri ni dalali wa mjini. Niliwaza kitu kimoja tu, kwamba nitamwona Hosiana. Sikukupigia kwa sababu nilitaka nimshtue, nisimame mlangoni tu aniangalie. Ndiyo ujinga wangu.

Tulipofika stendi ya Katesh nikamwona mtu amesimama kando ya barabara amevaa koti la Amsi. Lile la kijani, lenye kofia. Amenipa mgongo. Mama, wewe ndiye mtu pekee ninayeweza kumwambia nilichofikiri kwa kile kitambo kidogo kabla hajageuka.

Alikuwa Shemeji Daudi.

"Shemeji! Umenenepa. Arusha inakulea."

"Ni nguo, Shemeji. Nimevaa zote nilizo nazo."

Akambeba mtoto, akamrusha juu, mtoto akacheka, maana damu inajuana. Akamwambia Mama Lilian, "Huyu ni mke wa marehemu kaka yangu." Mama Lilian akanigeukia kama mtu aliyeokota kitu. "Kumbe ni familia moja? Basi mambo yamekuwa rahisi." Ndipo nikajua tunaenda wapi. Nilipanda gari nikakaa, mikono magotini, hata barabara sikuiona.

Pale unapajua kuliko mimi, sitakueleza. Lakini wewe unakwenda kila Jumapili, na mimi sikuwahi kurudi tangu tulipoondolewa. Kile kipande chote sasa ni tambarare, kijivu, nyasi fupi zimeota kati ya mawe. Palipokuwa jiko letu pana jiwe ambalo wanaume kumi hawalisogezi. Mama Lilian akashuka, akazunguka na mikono kiunoni, akasema, "Pazuri jamani. Pamelala. Na mlima wote unauona kuanzia chini mpaka juu."

Hakukosea. Sisi tulipokaa pale mlima wote hatukuuona. Nyumba za majirani na ile mikaratusi vilikuwa vinaukinga.

Halafu nikaangalia upande wa mlango wetu wa zamani, pale ulipopanda minyaa kuzunguka mahali Amsi aliposimama mwisho. Nikaona imekatwa. Yote. Imelazwa pembeni imekauka, na badala yake kuna vigingi na kamba ya katani. Unajua mimi si mtu wa kelele, lakini siku ile nilimwendea Daudi mbele ya bosi wangu na mbele ya dereva.

"Nani amekata hii minyaa?"

"Shemeji, utomvu wake unapofusha. Mgeni akijipaka jichoni nani atajibu?"

"Sijakuuliza utomvu. Nimekuuliza nani. Kwetu mtu hakati mnyaa uliopandwa na mwenzake, unajua mpaka leo watu wanaitwa mbele ya wazee kwa mnyaa mmoja wa mpaka. Na huu si wa mpaka. Nitakuita, Daudi. Nitakuita mbele ya ukoo mzima."

Daudi alikuwa bado amembeba mtoto, akamshusha taratibu. Akasema kwa sauti ya chini, "Basi mwite na Mama. Yeye ndiye aliyekata, kwa panga lake. Mimi nilibeba tu."

Nikamwambia ni mwongo.

"Muulize. Alisema watu wa mahema wakija na yeye ajengewe kibanda palepale, palipokuwa na minyaa. Alale karibu na mwanawe. Yeye na Hosiana. Wageni wanapenda kumwona bibi akisaga jiweni, na mtoto atachota maji. Watakaa hapo mwaka mzima."

Nilikwenda nikakaa kwenye lile jiwe nikamnyonyesha mtoto, hata hakuwa na njaa.

Wakajaribu hema moja. Upepo wa mwezi wa saba unaujua. Walipoliinua tu likajaa hewa, likamvuta Mama Lilian amelishikilia kamba, viatu vinaburuta, halafu likamponyoka likaenda zake linabiringika kuelekea kwa watu. Daudi mbio nyuma yake, koti limejaa upepo, dereva anapiga makofi anasema, "Mama andika hiyo, mwezi wa saba, kufukuza hema." Mama Lilian akakaa chini akacheka mpaka akashika mbavu. Na mimi nilicheka. Nilicheka nimekaa palepale. Nakuambia yote.

Njiani wakati wa kurudi, tulipokwisha kupita kwako Nangwa na ile kufuli, nikamwambia Mama Lilian, "Pale ndipo mume wangu alipo. Hatukumpata."

Akasema, "Najua. Daudi aliniambia tangu mwanzo kwamba kaka yake alibaki pale. Ndiyo maana nilikubali familia ndiyo ikae, isiwe mtu baki. Pole sana, Yasinta. Lakini ardhi ikikaa bure hairudishi mtu."

"Na mvua?"

"Tutachimba mifereji."

Nikamwambia mawe yaliyoshuka siku ile mengine yalikuwa makubwa kuliko gari tulilopanda. Akasema, "Yameshashuka hayo." Dereva akaongeza redio. Mama Lilian si mtu mbaya, Mama. Mtoto alipougua kifua ni yeye aliyetupeleka hospitali. Lakini hiyo ndiyo akili yake, kwamba yaliyoshuka yameshashuka.

Sasa naomba tuongee mimi na wewe.

Kuna jambo sijawahi kukusimulia vizuri kwa sababu hukuniuliza, na sikutaka kukutwisha. Ile asubuhi, sisi watu wa pale tulikosea jambo moja ambalo mtu wa kuja asingekosea. Mlima uliponguruma tulidhani ni upepo. Mtu wa Katesh akisikia ngurumo kutoka juu hakimbii, anaangalia mabati yake. Mgeni angekimbia hata bila viatu. Amsi alitoka na waya na nyundo kufunga bati la pembeni. Alikuwa anaulalamikia upepo, unamjua, akasema, "Leo umeamka na ugomvi." Mimi, na Amsi mdogo bado tumboni, nilikuwa nimempeleka Hosiana chooni, kule upande wa juu wa nyumba, kwenye kile kilima kidogo. Hosiana alikuwa anadeka, hataki kutoka, namwambia harakisha, na yeye ananiambia nisimame mlangoni nisiondoke. Nikasikia Amsi anasema, "Nileteeni koleo." Ndilo neno lake la mwisho, koleo. Halafu sauti ikawa kubwa, na nilipochungulia nyumba haikuwepo. Haikuanguka. Haikuwepo tu, na tope lililotoka korongoni lilikuwa linapita pale kama kundi la ng'ombe lisilo na mchungaji.

Choo ndicho kilichotuokoa. Watu wakiniuliza nasema ni Mungu, na ni kweli, lakini Mungu alitumia choo.

Hosiana aliona. Alikuwa amenishika sketi na kichwa chake kilikuwa chini ya mkono wangu, na mimi niliwaambia watu wote kwamba nilimfunika macho. Sikumfunika. Hata sikukumbuka kumfunika. Na wewe mwenyewe uliniambia, mwaka jana nilipokuja kuwatazama, kwamba upepo ukianza kuvuma usiku mtoto anaamka, anavaa viatu na kukaa karibu na mlango, hasemi kitu, mpaka utulie. Uliniambia wewe, Mama, ukalia. Sasa unataka mtoto huyo alale pale, chini ya mlima uleule, kwenye kibanda cha miti, mwezi wa kumi na mbili, achote maji wageni wampige picha.

Najua kwa nini umekata ile minyaa. Nimefikiri mwezi mzima, nafua nafikiri, napika nafikiri, na nadhani nimekuelewa. Kwetu mtu anazikwa kwake. Mzee wako yuko nyuma ya nyumba, mama yake yuko kando ya zizi, unapita asubuhi na ndoo ya maziwa unawasalimu kimoyomoyo na siku inaanza. Amsi amekunyima hilo. Hukumwosha, hukumfunika, hukutupa udongo. Padri alisali hewani. Watu waliokuja msibani hawakujua waangalie wapi, wengine waliangalia mlima, wengine viatu vyao. Na matanga yakaanuliwa kwa sababu chakula kiliisha, si kwa sababu tulimaliza. Ukilala pale utakuwa umelala naye. Mimi pia nimewahi kulitamani hilo, hasa huku, usingizi unapogoma.

Kwa hiyo wewe siwezi kukukataza. Mimi ni mke wa mwanao, sikukuzaa wala hukunizaa, na kwenye kiwanja kile wewe ulifika kabla yangu. Wewe unataka kulala karibu na mwanao. Mimi nataka mwanangu alale mbali na pale. Sote wawili tunadai kitu kimoja, na haki ni yetu sote, ila wako ameshalala, Mama. Wangu bado anakua mpaka viatu vinakatwa.

Hosiana ni wangu. Nimeliandika hilo neno nikaliangalia kwa muda. Kwenye karatasi linaonekana kali kuliko lilivyokuwa moyoni, lakini liache hivyohivyo. Najua wazee watasema mtoto ni wa ukoo. Waseme, na mimi nitawaamkia wote mmoja mmoja kwa heshima zao. Ila siku ile ukoo haukuwepo mlangoni mwa choo. Nilikuwepo mimi.

Nimeshazungumza na Mama Lilian. Nilimwambia kama bibi na mtoto watawekwa pale, mimi sitapika kwake wala sitamsaidia tena na ile miezi yake. Nilidhani atakasirika. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema anaelewa, akasema na yeye ameshaweka nguvu zake nyingi mule, hawezi kurudi nyuma kwa ajili ya mtu mmoja wa jikoni. Namalizia mwezi huu, halafu atachukua mwingine. Ameshaniuliza kama namfahamu msichana wa kwetu anayejua kupika.

Kiwanja chenyewe siwezi kukizuia, na sina nguvu ya kupigana nacho. Kiangazi wakiweka mahema, waweke. Daudi ana watoto wanne na shamba lile halimpi kitu ila mawe, akipata riziki kwa wageni simwonei wivu. Mwambie koti aliloazimwa na Amsi aendelee kulivaa, lina joto, na Amsi hakuwahi kumnyima kitu. Ila mwambie na hili, kwamba mvua zikianza awatoe watu pale hata kama wamelipia, na yeye mwenyewe asilale. Mlima ukinguruma asiangalie bati.

Mimi nakuja mwezi wa tisa. Nitashuka Nangwa na Amsi mdogo, nitalala kwako siku utakazoniruhusu, halafu nitaondoka na Hosiana. Tutakwenda kwa kaka yangu, juu ya Dongobesh. Ana chumba kimoja cha udongo na shamba la vitunguu saumu, na amesema nije, ingawa mkewe alipoongea na mimi kwenye simu alisema "karibu" ile ya mtu aliyebanwa na mlango. Nitapalilia mashamba ya watu. Hosiana ataanza shule nyingine, hana rafiki, na atakukumbuka wewe kuliko alivyokuwa ananikumbuka mimi, maana wewe ndiye unayemsuka sasa. Siahidi kwamba yatakuwa maisha mazuri. Nimeyahesabu usiku na mchana na sijaona uzuri wake. Nimeona tu kwamba kule kwa kaka yangu hakuna korongo juu ya nyumba.

Na nafasi yako ipo. Sisemi kwa adabu tu. Nimemwambia kaka, "Nitakuja na mama," akasema, "Mama yupi?" nikamwambia, "Nina wawili, mmoja alishafariki." Kiangazi tutakwenda wote Katesh kumwona Amsi, jua limewaka, tutakaa pale hata siku nzima, watoto wacheze, utamwambia unayotaka kumwambia. Halafu tutarudi. Hilo neno la mwisho ndilo ninalokuomba, kurudi.

Ukikataa kuja, nitakuelewa, nitalia njiani. Hosiana naye atakushikilia, najua, na wewe utamshikilia. Sitavutana na wewe, Mama, sitamshika mkono. Nitakaa kizingitini na mdogo wake mpaka wewe mwenyewe umwambie, "Nenda na mama yako." Ikichukua siku, nitakaa siku. Lakini sitaondoka bila yeye, na nakuomba usinilazimishe kukuonyesha kwamba naweza.

Nisalimie wifi wa Balangdalalu na alizeti zake, mwambie mume wake apunguze kumtwisha magunia, na yeye ni binadamu. Nisalimie jirani aliyekutunzia sukari bila kuipunguza, watu wa aina hiyo wamebaki wachache. Mwenyekiti wa jumuiya, mwambie namkumbuka kwa ule mkate aliotuletea siku zile. Shemeji Daudi msalimie, na umwambie namwomba radhi kwa kumwita mwongo mbele ya mgeni. Hilo tu ndilo ninalomwomba radhi. Hosiana mwambie mama yake anamsalimu sana. La kuja kwangu, mwambie wewe kwa wakati utakaoona unafaa, wewe ndiye unayejua siku zake nzuri.

Mtoto ameamka, ananivuta kalamu. Mistari hii ya mwisho iliyopinda ni ya kwake.

Ni mimi, mke wa mwanao na mtoto wako,

Yasinta